Uaminifu: Mtaji adimu katika biashara ya mtandaoni

MNUNUZI aliye Kitale anaona picha ya simu ya mkononi katika ukurasa wa Facebook wa duka linalodai kuwa katika barabara ya Luthuli, jijini Nairobi. Bei ni nafuu kuliko ya mjini kwake, na picha inapendeza.

Anaandika ujumbe, anajibiwa papo hapo kwa adabu, kisha anaombwa atume fedha kwa M-Pesa ili simu hiyo ipakiwe kwenye basi la jioni.

Hapo ndipo mashaka yanapoanza. Akituma fedha kwanza, hana hakika kwamba simu itafika. Muuzaji naye akituma simu kwanza, hana hakika kwamba atalipwa.

Kila biashara inayofanywa kupitia mtandao wa intaneti, iwe ya gari au ya viatu vya mitumba, hukabiliwa na swali hilo: Ni nani atakayetangulia kumwamini mwenzake?

Sokoni swali hilo ni nadra kuzuka. Anayenunua nguo katika soko la Gikomba huishika, akaigeuza, akaikagua mishono na kupatana bei, kisha bidhaa na fedha zikabadilishana mikono kwa wakati mmoja. Akigundua kesho yake kwamba zipu ni mbovu, anajua kibanda kilipo.

Mtandao umeyaondoa yote matatu: kuishika bidhaa, kubadilishana papo hapo, na kujua mahali pa kurudi. Ndiposa asiyekuwa mwangalifu huishia kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Wahenga walisema kuwa chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Mtandaoni, chema na kibaya vyote hujitembeza, tena kwa picha zinazofanana.

Uongo mmoja, hasara kwa wengi

Wengi hudhani kwamba anayeumia kutokana na ulaghai ni yule aliyelaghaiwa pekee. Mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, alionyesha mwaka wa 1970 kwamba mambo sivyo yalivyo.

Katika makala yake kuhusu soko la magari yaliyokwisha kutumika, Akerlof alieleza kuwa muuzaji huzijua kasoro za gari lake ilhali mnunuzi hazijui. Kwa vile mnunuzi hawezi kutofautisha gari zima na bovu, hukubali kulipa bei ya katikati tu.

Bei hiyo humfaa mwenye gari bovu na kumpunja mwenye gari zima. Mwenye gari zima hukata tamaa na kuliondoa sokoni. Yanayosalia huwa mabovu zaidi, wanunuzi huzidi kushuku, na bei hushuka tena. Hatimaye soko lenyewe linaweza kufa, hata kama wanunuzi na wauzaji wema wangalipo.

Majarida matatu yaliyakataa makala hayo kabla ya kuchapishwa. Mwaka wa 2001, Akerlof alikuwa mmoja wa wanauchumi watatu waliotuzwa Nobeli, pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz.

Funzo hilo lina maana kubwa kwa mfanyabiashara mdogo wa Kenya. Chukua mfano wa mama anayesuka viondo Machakos na kuviuza kupitia Instagram kwa Sh2,500 kila kimoja. Mteja aliyetapeliwa wiki iliyopita na mtu mwingine kabisa hufika kwake akiwa na shaka. Humtaka apunguze bei, humtaka atume kiondo bila malipo, ama huacha kuagiza.

Mama huyo hajamdanganya mtu. Hata hivyo, analipia deni la tapeli ambaye hajawahi kumwona. Kwa hivyo, mwongo mmoja huiba mara mbili: Huiba fedha za mnunuzi, kisha huiba soko la muuzaji mwaminifu.

Mnada wa kalamu mbovu

Njia za kulitatua tatizo hili zina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilianzia San Jose, katika jimbo la California, Marekani.

Mnamo Septemba 1995, mtaalamu wa programu za kompyuta, Pierre Omidyar, alifungua tovuti ya mnada aliyoiita AuctionWeb, ambayo baadaye ilikuja kujulikana kama eBay. Kitu cha kwanza kuuzwa humo kilikuwa kalamu ya kuelekezea mwangaza wa leza, na ilikuwa imeharibika. Ilinunuliwa kwa dola 14.83.

Omidyar alishangaa na kumuuliza mnunuzi kama alikuwa ameelewa kwamba kifaa hicho hakifanyi kazi. Mnunuzi alijibu kuwa yeye hukusanya kalamu za aina hiyo zilizoharibika.

Kisa hicho kidogo kina siri ya biashara nzima. Kitu kibovu kiliuzwa bila mtu kudhulumiwa, kwa sababu pande zote mbili zilijua ni kibovu. Ulaghai hautokani na kasoro ya bidhaa. Hutokana na kasoro iliyofichwa.

Watu walipoongezeka katika mnada huo, malalamiko nayo yaliongezeka. Februari 1996, Omidyar alianzisha utaratibu wa wanunuzi na wauzaji kupimana hadharani. Kila biashara ilipokamilika, kila upande ungeweza kuuandikia mwingine maoni mazuri, ya kadiri au mabaya, na jumla yake ikaonekana kando ya jina la mhusika.

Omidyar aliamini kuwa watu wengi ni waaminifu kwa asili. Lakini utaratibu wake haukuhitaji kila mtu awe mwema. Ulichofanya ni kumpa kila mtu kitu cha kupoteza. Muuzaji aliyejenga jina kwa miaka mitatu angefikiri mara mbili kabla ya kulivunja kwa ajili ya dola 20.

Thamani ya jina hilo ilipimwa. Mwaka wa 2006, mtafiti Paul Resnick na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio ambapo muuzaji mmoja wa kadi za posta za zamani aliuza baadhi ya kadi kwa jina lake lililokwisha kupata sifa nzuri, na nyingine za aina iyo hiyo kwa majina mapya. Wanunuzi walikuwa tayari kulilipa jina la zamani asilimia 8.1 zaidi.

Ama kwa hakika, jina jema lilikuwa mali iliyoweza kuhesabiwa kwa fedha.

Sifa nazo hughushiwa

Hata hivyo, dawa hiyo ilikuwa na dosari zake. Uchunguzi uliofanywa kuhusu biashara za eBay za mwaka wa 1999 ulibaini kuwa asilimia 99.1 ya maoni ya wanunuzi yalikuwa ya kusifu. Ni vigumu kuamini kwamba soko lolote duniani lina wateja walioridhika kiasi hicho.

Waliokerwa walinyamaza. Mojawapo ya sababu ilikuwa hofu ya kulipiziwa kisasi: Mnunuzi akimlaumu muuzaji, muuzaji naye angemchafulia jina.

Mwaka wa 2008, eBay iliwazuia wauzaji kuandika maoni mabaya kuhusu wanunuzi. Wanunuzi wakapata uhuru wa kusema, lakini wauzaji wakalalamika kwamba sasa hawakuwa na namna ya kuonyana kuhusu wateja walaghai. Shimo moja lilizibwa na jingine likafunguka.

Isitoshe, sifa zinaweza kununuliwa. Kuna wanaojiandikia maoni kwa majina bandia, na kuna wanaowalipa wengine wawaandikie. Tatizo hilo lilikithiri hadi Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani ikatangaza, Agosti 2024, kanuni inayopiga marufuku kuuza au kununua maoni bandia ya wateja.

Nchini Kenya, biashara nyingi ndogo hufanyika katika kurasa za Facebook, Instagram, TikTok na makundi ya WhatsApp, ambako muuzaji mwenyewe ndiye mwenye ukurasa. Anaweza kufuta lawama na kuacha sifa. Anaweza pia kubandika picha za jumbe za wateja wanaomshukuru, na jumbe hizo akawa amezitunga mwenyewe.

Wingi wa wafuasi nao si ithibati. Ukurasa ulioanza kwa vichekesho au habari za kandanda unaweza kuuzwa ukiwa na maelfu ya wafuasi, kisha ukabadilishwa jina na kuwa duka la simu. Facebook huonyesha tarehe ambapo ukurasa ulifunguliwa na majina uliyowahi kuwa nayo, na kuyatazama hayo huchukua dakika moja tu.

Mshika amana

Njia ya pili ni kumtumia mtu wa kati ambaye pande zote mbili zinamwamini.

Kampuni ya Alibaba ya China ilifungua soko la mtandaoni la Taobao mwaka wa 2003, wakati ambapo Wachina wengi walihofia kumlipa mtu wasiyemwona. Mwaka uliofuata ilianzisha Alipay. Mnunuzi alilipa, lakini fedha hazikumfikia muuzaji. Zilishikwa na Alipay hadi mnunuzi alipothibitisha kuwa amepokea bidhaa aliyoagiza.

Kwa hiyo, muuzaji alituma bidhaa akijua kuwa fedha zipo, na mnunuzi alilipa akijua kuwa fedha hazijaondoka kabisa.

Kwa wenyeji wa Pwani ya Afrika Mashariki, wazo hilo si geni. Amana ni neno la kale, na mshika amana alikuwa mtu wa heshima. Vivyo hivyo mali kauli: Tajiri alimpa mchuuzi bidhaa bila malipo, kwa kauli tu, akauze kisha alete fedha.

Mali kauli haikusimama juu ya imani tupu. Mchuuzi alijulikana kwao, ukoo wake ulijulikana, na akivunja kauli yake habari zingeenea, hata asipate tena wa kumwamini. Yaani alikuwa na kitu cha kupoteza, sawa na muuzaji wa eBay.

Hata hivyo, mshika amana naye huhitaji kuchungwa. Mwezi wa Februari 2011, Alibaba ilitangaza kuwa zaidi ya wauzaji 2,300 waliopewa hadhi ya kuaminika katika tovuti yake ya biashara ya kimataifa walikuwa wamewalaghai wanunuzi, na kwamba takriban wafanyakazi 100 wa kampuni hiyo waliwasaidia ama kwa makusudi ama kwa uzembe. Afisa mkuu mtendaji wa tovuti hiyo, David Wei, alijiuzulu ingawa yeye mwenyewe hakupatikana na hatia ya kushiriki.

Fedha hukimbia, bidhaa hutambaa

Kenya ilipata M-Pesa mwezi wa Machi 2007. Huduma hiyo ilitatua tatizo la kusafirisha fedha, lakini haikutatua lile la kuaminiana. Kwa namna fulani, ililiongeza.

Fedha za mnunuzi wa Kitale hufika Nairobi kwa sekunde chache. Simu aliyoinunua huchukua usiku mzima barabarani. Katika muda ulio kati ya mambo hayo mawili, mnunuzi hana fedha wala bidhaa, na tapeli ana nafasi tele ya kuizima simu yake na kutoweka.

Ndiyo sababu Wakenya wengi huipenda njia ya kulipa baada ya kupokea. Kampuni ya Jumia, iliyoanzishwa Nigeria mwaka wa 2012 na kuingia Kenya mwaka uliofuata, iliwavutia wateja waliohofia mtandao kwa kuwaruhusu kulipa bidhaa ikishafika. Wachuuzi wadogo wakaiga, bodaboda zikiwa ndizo za kupeleka mizigo.

Njia hii humlinda mnunuzi. Lakini hatari haikuondoka. Ilihama tu kutoka kwa mnunuzi hadi kwa muuzaji.

Mwendeshaji bodaboda hufika Rongai na kupata simu ya mteja imezimwa. Mwingine huambiwa kuwa mteja amebadili nia. Nauli ya kwenda na kurudi humwangukia muuzaji, na bidhaa ambayo ingeuzwa kwa mwingine imekaa siku nzima juu ya pikipiki.

Ndipo wauzaji nao wakaanza kudai nauli ilipwe mapema, au sehemu ya bei itangulizwe. Mnunuzi mwenye shaka huliona dai hilo kuwa dalili ya utapeli, na mara nyingine huwa kweli ni utapeli. Mwaminifu na mlaghai wanadai kitu kimoja, kwa maneno yale yale.

Wanunuzi nao si malaika

Mazungumzo kuhusu ulaghai wa mtandaoni humweka mnunuzi katika nafasi ya mdhulumiwa. Mara nyingi ni kweli, lakini si kila mara.

Kuna wanunuzi wanaotunga ujumbe unaofanana na ule wa M-Pesa, wakamtumia muuzaji na kuondoka na bidhaa. Ujumbe kama huo hutoka kwa nambari ya kawaida ya simu, ilhali ujumbe halisi huwa na jina la huduma yenyewe. Kinga ya muuzaji ni kukagua salio lake badala ya kutegemea ujumbe alioonyeshwa.

Kuna pia wanaolipa, wakapokea mzigo, kisha wakadai kwa kampuni ya simu kwamba walituma fedha kimakosa na kuomba zirejeshwe. Wengine huvaa nguo katika harusi ya Jumamosi na kuirejesha Jumatatu wakisema haiwatoshi.

Asiyefanya lolote kati ya hayo bado anaweza kumtia mwenzake hasara kwa kunyamaza. Kughairi si kosa. Kosa ni kuagiza mahali patatu, kupokea mzigo wa kwanza kufika, na kuzima simu hao wawili wengine wakiwa njiani.

Sheria inavyosema

Sheria za Kenya hazijalisahau suala hili. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa mteja haki ya kupata bidhaa za kiwango kinachofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya kufidiwa anapopata hasara kutokana na kasoro za bidhaa.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inataka kitu kinachouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Kwa hivyo, aliyeandika kuwa kiatu ni cha ngozi na kuleta cha plastiki ameivunja sheria hiyo, hata kama mauzo yalifanyika kwa WhatsApp.

Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji Bidhaa ya mwaka wa 2012 inayataja waziwazi makubaliano ya mtandaoni, na inamlazimu muuzaji kutoa habari muhimu kabla ya makubaliano kufanyika. Nayo Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka wa 2018 inatoa adhabu ya faini isiyozidi Sh20 milioni, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili, kwa ulaghai wa kutumia kompyuta.

Tatizo ni gharama ya kuifuata haki. Aliyepoteza Sh1,500 akijaribu kununua blauzi hatakubali kupoteza siku tatu za kazi na nauli ili azirudishe. Tapeli analijua jambo hilo, na ndiyo sababu huwaibia watu wengi kidogo kidogo badala ya kumwibia mmoja kwa wingi.

Kwa madai makubwa kiasi, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka wa 2021. Husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na sheria inaitaka iamue kesi ndani ya siku 60. Mlalamishi si lazima awe na wakili.

Lakini hata mahakama hiyo haiwezi kumwita mtu asiyejulikana jina wala makao. Kwa hivyo, ulinzi wa sheria huanza kabla ya fedha kutumwa, wakati mnunuzi anapouliza: Unaitwa nani, na unapatikana wapi?

Hatua za kujikinga

M-Pesa humwonyesha mtumaji jina la anayepokea fedha kabla ya malipo kukamilika. Jina hilo likitofautiana na la duka, mnunuzi ana haki ya kusita na kuuliza. Muuzaji mwenye nambari ya malipo ya biashara iliyosajiliwa kwa jina la duka lake huwa ameshaondoa nusu ya shaka hiyo.

Mnunuzi anaweza pia kumwomba muuzaji ampigie simu ya video akiishika bidhaa, au amtumie picha mpya iliyo na karatasi yenye tarehe ya siku hiyo. Aliye na bidhaa hawezi kushindwa na ombi hilo. Aliyeiba picha ya mtu mwingine atatafuta visingizio.

Bei iliyo chini mno nayo ni ujumbe. Simu inayouzwa Sh40,000 kila mahali haipatikani kwa Sh15,000 bila sababu, na sababu hiyo kwa kawaida ni kwamba imeibwa, ni bandia, au haipo.

Muuzaji naye hujijengea jina kwa mambo madogo: kupiga picha za bidhaa zake mwenyewe, kutangaza bei hadharani, kueleza mapema masharti ya kurejesha mzigo, na kuonyesha mkwaruzo uliopo kabla mteja hajaugundua. Anayetaja kasoro moja kwa hiari yake huaminiwa anapozitaja sifa kumi.

Pande zote mbili zinafaa kuweka kumbukumbu za mazungumzo, malipo na risiti za basi. Mali bila daftari huisha bila habari.

Kwa mnunuzi wa Kitale na muuzaji wa Nairobi, suluhisho si lazima liwe kubwa. Wanaweza kuanza na kitu kidogo, labda chaja ya Sh500, ambayo mmoja wao akiipoteza hatalia. Muuzaji akiituma na ikafika kama alivyoieleza, mnunuzi atalipia simu akiwa na shaka kidogo kuliko mwanzo.

Na siku muuzaji huyo atakapoombwa fedha mapema na mwenye bidhaa wa Eastleigh au wa Guangzhou, atakuwa yeye ndiye anayeuliza maswali ambayo mteja wa Kitale alimuuliza.